Ombi la Siku Tatu Nyikani na Watoto wa Wavinya

Mbaluka Nyamai,
Mwandishi wa Maombi na Barua Rasmi,
Soko la Zombe, Kitui.
2 Juni 2025

Kwa Bi. Nduku Nzuki,
Mbumbuni, Makueni.

Mheshimiwa Mama Muthama,

KUH: OMBI LA RUHUSA YA KUSAFIRI NA WAJUKUU WAWILI KATIKA HIFADHI ZA NYIKA

Mimi niliyetia sahihi hapo chini, mzazi wa marehemu Wavinya na babu wa Mutindi na Mbithi, nakuandikia kwa nia moja tu: kukuomba uniruhusu kuwachukua watoto hao kwa siku tatu, kuanzia Jumanne tarehe 12 Agosti hadi Alhamisi tarehe 14 Agosti mwaka huu, shule zikiwa zimefungwa, ili niwatembeze katika hifadhi za wanyama zilizoko nyikani.

Ili usiwe na shaka, naweka mpangilio wa safari mbele yako. Siku ya kwanza nitawapokea watoto hapo Kiboko, anakofanya kazi baba yao, saa tatu asubuhi. Tutateremka hadi Mtito Andei, tuingie Tsavo Magharibi, tuone mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa moto, kisha chemchemi za Mzima ambako viboko huonekana chini ya maji kupitia dirisha la kioo. Tutalala Mtito Andei katika nyumba ya wageni inayosimamiwa na muumini wa kanisa letu. Siku ya pili tutaingia Tsavo Mashariki kwa lango la Manyani. Siku ya tatu tutapanda kwa barabara ya Kibwezi hadi Ikutha, tuingie lango la Ithumba, upande wa kaskazini ambako nchi ni kavu kabisa na ndovu huwa wekundu kwa vumbi. Baadaye tutapumzika Zombe, na kesho yake, ambayo ni siku ya kurudi tu, watoto watarudishwa kwako wakiwa salama.

Gari ni Land Cruiser ya Bwana Billow Abdiwahab, mfanyabiashara wa mifugo wa hapa sokoni, mtu mwangalifu asiyetafuna miraa akiendesha. Amekubali kuiosha.

Kwa kuwa langoni huulizwa uthibitisho kwamba watoto ni wananchi, naomba uniletee pia nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa.

Nitashukuru kwa jibu la maandishi. Sipokei uamuzi wa jambo zito kwa simu.

Wako mwaminifu,
Mbaluka Nyamai

*

Mbumbuni
11 Juni 2025

Baba Wavinya,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa natafuta mahali umeuliza kama watoto wako wazima. Sikupaona. Wako wazima. Mutindi yuko darasa la saba siku hizi, gredi ya saba wanaita, na Mbithi ameng'oka meno mawili ya mbele na anafyonza maji kwa hilo pengo akijiita ndovu. Kwa hivyo ndovu tunaye hapa nyumbani, na hana haja ya lango.

Unasema hupokei uamuzi kwa simu. Hiyo simu yako mimi nilifuta namba siku ile, unaijua ni siku gani. Kwa hivyo tuandikiane tu.

Nina maswali na sitayapamba kama wewe.

Miaka sita hujawaletea hawa watoto hata peremende ya shilingi mbili. Leo unataka kuwapeleka Tsavo. Nani amekuamsha?

Hiyo njia yako nimemwonyesha Muthama, baba yao, akiwa amekuja Jumapili. Akacheka kicheko kile cha baba yake, cha pua. Akaniambia, "Mama, kutoka Ithumba mtu wa kwenda Mbumbuni anarudi Kibwezi, anapitia Makindu na Wote. Zombe ni upande ule mwingine kabisa." Sasa mtu akipotea kilomita zote hizo akiwa na wajukuu ndani ya gari, huyo amepotea ama amefika?

Halafu vyeti vya kuzaliwa. Baba Wavinya, mimi si msomi, nauza ndengu na mbaazi. Lakini karatasi nazijua. Wewe ukishika karatasi ya mtu, huyo mtu hulala macho. Vyeti vya watoto hawa viko kwa sanduku, sanduku liko chini ya kitanda, na juu ya kitanda nalala mimi.

Nduku

*

Soko la Zombe
17 Juni 2025

Mheshimiwa Mama Muthama,

KUH: MAJIBU YA HOJA ZAKO ZA TAREHE 11 JUNI

Nimepokea barua yako na kuisoma kwa utulivu, ingawa sehemu fulani zimeandikwa kwa lugha ambayo mimi nisingeitumia kwa mkwe.

Kuhusu vyeti, sina haja nyingine navyo zaidi ya niliyoitaja. Nimeuliza tena na kuambiwa kwamba kitambulisho changu na sare za shule za watoto huenda zikatosha. Naondoa ombi hilo.

Kuhusu kituo cha Zombe, ni kwa ajili ya mapumziko na mafuta ya gari tu. Bwana Billow hupenda kujaza mafuta kwa mtu anayemwamini.

Kuhusu dhana iliyojificha katika barua yako, kwamba ninakusudia kuwachukua watoto moja kwa moja, naomba niiseme wazi ili tuizike. Unafahamu, kama ninavyofahamu, kwamba mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao msichana hahesabiwi mke wa mtu, hawakukamilika nyumbani kwangu. Walifika watatu, wakakubaliwa wawili. Kwa desturi yetu watoto wa msichana ambaye ntheo yake haikukamilika ni wa nyumba ya baba yake. Kama ningetaka kuwadai, ningekuwa nimewadai mwaka 2019, na ningewapata. Sikufanya hivyo. Naomba ukweli huo unihesabie wema, badala ya kunihesabia hila.

Nangoja jibu.

Wako mwaminifu,
Mbaluka Nyamai

*

Mbumbuni
24 Juni 2025

Baba Wavinya,

"Ningewapata." Umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Asante. Hiyo barua nimeikunja nikaiweka kwa lile sanduku la vyeti, siku moja itanisaidia.

Sasa nikuhesabie wema wako.

Mwaka 2012, baada ya ule ukame mkubwa, zizi letu lilikuwa limebaki kwato. Marehemu mume wangu Nzuki aliuza baiskeli yake, ile nyeusi aliyoendea kanisani miaka kumi na nane, akaongeza na mahindi ya mbegu, akatafuta mbuzi watatu. Akawaleta kwako na wazee wawili. Ukatoka na miwani yako na kalamu kwa mfuko wa shati. Ukamshika yule mbuzi wa tatu sikio mbele ya watu. Ukasema, "Huyu amepasuliwa sikio. Mbuzi wa ntheo huwa mzima. Na hii alama ni ya mtu mwingine, mmeniletea mbuzi aliyepitia soko. Rudini naye. Mkileta mwingine nitawaandikia hati ya kupokea."

Nzuki alirudi na yule mbuzi kwa miguu kutoka stejini. Alikuja akamfunga pale nyuma ya jiko, akaniambia, "Mama Muthama, mpe maji, ametembea." Basi. Hakuleta mwingine, na mimi nilimwambia alete! Nilimwambia mpaka nikachoka. Alisema afadhali afe. Akafa 2017, hiyo unajua, ulituma barua ya rambirambi iliyopigwa chapa.

Wavinya aliishi hapa miaka saba. Alipika hapa, alizaa hapa, alipalilia hili shamba. Mtoto wa kwanza msichana angeitwa Nduku kama mimi, wa pili angeitwa Nzuki. Aliogopa. Alisema, "Mama, nikiwapa majina ya hapa na mambo hayajaisha, baba atasema nimejioza mwenyewe." Akawapa majina ya kando. Hilo pia andika kwa wema wako.

Akafa Aprili 2019. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Kwaya ilikuwa imevaa. Muthama amefika mochari na jeneza, anaonyeshwa karatasi: mwili usitolewe, mhusika hakuwa ameolewa, baba yake anadai kumzika kwao. Kurasa mbili. Aya zimepangwa kama sufuria za bibi harusi. Siku kumi na tisa mtoto wetu amelala kwa friji, mkiitana kwa chifu, wewe ukisoma na kila mtu akisikiliza, kwa sababu hakuna mtu wetu aliyejua kuandika hivyo. Ukashinda. Ukampeleka Zombe. Watoto hawa, mmoja miaka sita, mmoja miaka mitatu, walibaki hapa na mimi na shimo wazi.

Sasa nakujibu. Hapana. Tsavo ipo, haihami. Wakiwa wakubwa watajipeleka.

Nduku

*

Mbumbuni
24 Juni 2025

Kwa Babu wa Zombe,

Shikamoo Babu. Natumaini hujambo na unaendelea vizuri. Mimi ni Mutindi. Susu Nduku hunituma kupeleka bahasha zake kwa ofisi ya vifurushi na leo nimepeleka mbili. Hii ya pili Susu hajui. Nimelipia na pesa yangu ya mayai.

Babu, nilisikia Susu akimsomea baba kwa simu mambo ya safari. Mimi ningependa sana kuona ndovu wekundu. Mbithi anasema ni uongo, ndovu ni kijivu, tumebishana mpaka akanitemea maji.

Lakini nataka kukuuliza kitu kingine. Nyumbani kwetu karibu na mwembe mdogo kuna kaburi la mama. Huwa tunapeleka maua kila Pasaka na mimi hufagia. Mwaka huu msichana mmoja wa shule tuligombana kwa mstari wa maji, akaniambia, "Wewe unafagia nguo. Mama yako hayuko hapo. Baba yangu alikuwa mochari, mama yako alichukuliwa na mzee wa makaratasi."

Babu, mzee wa makaratasi ni wewe?

Sitaki kumuuliza Susu kwa sababu akiwa hapo kaburini huwa anaimba vizuri.

Kama mama yuko kwako, tukija nionyeshe. Kama hayuko, pia uniambie. Tafadhali usimwambie Susu nimeandika.

Ni mimi mjukuu wako,
Mutindi Muthama

*

Soko la Zombe
5 Julai 2025

Mama Muthama,

KUH: MANENO AMBAYO SIKUYASEMA KATIKA BARUA ZA AWALI

Umenijibu hapana, na kwa taratibu za uandishi wa maombi, hapana ikishatolewa mwombaji hukata rufaa kwa sababu mpya au hunyamaza. Ninazo sababu mpya. Zote ni dhidi yangu.

Baada ya kupata barua yako ya tarehe 24 nilikwenda kumwarifu Bwana Billow kwamba safari haipo. Nilimkuta zizini akihesabu mbuzi wa kupeleka mnada. Nayaandika mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, maana nimezoea kunukuu mashahidi.

Nilimwambia, "Billow, safari imevunjika. Wakwe wamekataa."

Akasema, "Wakwe gani, mzee? Wewe umewahi kuwa na mkwe? Watu husema ulimrudisha mbuzi wa ntheo kwa sababu ya sikio."

"Mbuzi alikuwa na kasoro."

"Kasoro gani?"

Nikamweleza habari za mwaka 2012, Nzuki na baiskeli yake nyeusi, kisha kasoro yenyewe: mkato sikio la kushoto, mikato miwili midogo kama meno ya ufunguo. Billow akaacha kuhesabu. Akamvuta mbuzi mmoja, akaligeuza sikio lake, akaniuliza, "Kama hii?"

Ilikuwa hiyo hiyo.

"Wallahi, mzee, hii ni alama ya baba yangu na yangu. Kila mnyama wangu anakatwa hivi akiwa mchanga, asiibiwe malishoni. Hiyo si kidonda. Mwaka huo niliuza soko la kule kwao Makueni. Mwenye baiskeli nyeusi? Namkumbuka! Alinisumbua kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Alifungua midomo ya mbuzi arobaini. Nikamwambia, mzee, hawa wawili hawana alama, wachukue, na huyu wa tatu mwenye alama ndiye bora kuliko wote, lakini sikio siwezi kulishona. Akasema, 'Mkwe wangu ni mtu msomi, atajua mbuzi mzuri akimwona.'"

Kisha Billow akacheka, Mama Muthama. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe msomi ni wewe!"

Sikucheka. Nilirudi mezani kwangu na sikumwandikia mtu barua siku hiyo, ingawa walikuwepo wateja wanne.

Nilidhani marehemu Nzuki amenidharau, ameokota mnyama wa soko lenye vumbi na kunisukumia. Kumbe alinisifu kwa mgeni. Kitu kimoja ambacho ningeweza kufanya siku ile ni kuuliza, "Alama hii ni ya nani?" Sikuuliza, kwa kuwa mtu ambaye amejifundisha mwenyewe huogopa sana kuonekana anauliza. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilijifunza kuandika kwa kunakili matangazo ya serikali kwenye ukuta wa soko. Ndani ya matangazo hayo hakuna mahali panapoulizwa swali.

Uliniuliza nani ameniamsha. Nitajibu. Wavinya akiwa darasa la saba shule yao ilikwenda Tsavo. Mwalimu alituma barua ya ruhusa ili mzazi atie sahihi. Haikuwa na muhuri. Nilikataa kuitia sahihi, nikairudisha na maelezo. Basi la shule liliondoka bila yeye. Alikaa mlangoni na begi lake limefungwa, akaniambia, "Baba, wewe ungeandika tu." Hakulia. Mwezi Mei mwaka huu nilikuwa nikipanga mafaili yangu ya zamani na nikaipata nakala ya barua ile niliyoirudisha. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Na mapumziko ya Zombe si ya mafuta. Nilitaka watoto wasimame kwenye kaburi la mama yao. Nilitaka kuwapeleka bila kukuomba, nikiwa nimeuficha mji mzima ndani ya neno mapumziko. Kaburi hilo lina msalaba wa mbao usio na maandishi kwa miaka sita. Watu wa hapa hudhani ni umaskini. Ukweli ni kwamba sijui niandike Wavinya wa nani. Nikiandika Wavinya Mbaluka, nimesema hakuolewa, na watoto wake wataisoma. Nikiandika Wavinya Muthama, nimesema kurasa zile mbili za mochari zilikuwa uongo.

Sina hoja nyingine. Naomba uipime upya hapana yako.

Mbaluka Nyamai

*

Mbumbuni
12 Julai 2025

Baba Wavinya,

Andika Wavinya. Jina moja linatosha. Alikuwa analiitikia.

Barua yako nimeisomea kwa jiko ndege wakila ndengu zangu nje. Mahali pa "atajua mbuzi mzuri akimwona" nilikasirika mpaka nikamtukana Nzuki, na amekufa. Miaka hiyo yote mzee alikaa na hilo neno, hakuniambia kuwa alikusifu. Nyinyi wanaume wawili! Mmoja ananyamaza mpaka kaburini, mwingine anaandika mpaka mtu anakosa kaburi.

Sasa na mimi niseme yangu, kwa sababu umenilazimisha na huo ukweli wako uliochelewa.

Lile shimo halikubaki wazi. Usiku wa siku ile uliyomchukua hatukulala. Asubuhi Mutindi aliniuliza, "Susu, mama ataingia lini?" Alikuwa amevaa ile gauni nyeupe ya mazishi, hataki kuitoa, siku ya ishirini sasa. Muthama akaenda kwa nyumba, akatoa nguo za Wavinya, leso zake mbili, viatu vya kanisa na ile sweta ya kijani. Tukaweka kwa jeneza lile tulilokuwa tumenunua. Tukazika. Pasta alikataa kuja, kwa hivyo niliomba mimi. Watoto wakatupa mchanga. Mpaka leo wanajua mama yao yuko hapo. Mutindi hufagia vizuri kuliko mtu mzima.

Kwa hivyo unaona kwa nini Zombe siitaki. Si kuogopa utawaiba tu. Wakiona kaburi lingine, ni mimi nitakuwa nimewazikia nguo.

Nimefikiria siku tano. Haya ndiyo maneno yangu.

Watoto watakuja safari. Mimi pia nakuja. Nakaa kiti cha mbele, na huyo Billow asicheze redio. Nitabeba chapati na mayai, sitaki chakula cha hoteli.

Mbuzi wa tatu ataletwa kwako kabla ya safari. Muthama atamleta mwenyewe na mzee mmoja, na utaandika ile hati uliyomnyima baba yake. Hata kama sikio limekatwa vipande kumi.

Tutazunguka hizo hifadhi zote siku tatu. Tukitoka Ithumba, tunarudi Kibwezi.

Na utaniapia kwa maandishi, wewe unayependa maandishi, kwamba hutawaambia watoto kamwe mama yao yuko wapi. Ukiapa, tarehe 12 nitakuwa Kiboko saa tatu.

Nduku

*

Mbaluka Nyamai,
Soko la Zombe, Kitui.
19 Julai 2025

Kwa Bi. Nduku Nzuki,
Mbumbuni, Makueni.

Mheshimiwa Mama Muthama,

KUH: MASHARTI YA SAFARI YA TAREHE 12 HADI 14 AGOSTI

Nimepokea barua yako kwa mikono miwili.

Muthama alifika hapa jana asubuhi na Mzee Kisilu, wakiwa na mbuzi. Nilitoka bila miwani. Hati imeandikwa, na nakala yako imo ndani ya bahasha hii. Inasema kwamba ntheo ya Wavinya imepokelewa ikiwa kamili, na kwamba ilipaswa kupokelewa siku ile ya mwaka 2012 kutoka kwa Nzuki, aliyeleta wanyama wazuri. Inasema pia kwamba nyumba yangu haina dai lolote juu ya Mutindi na Mbithi, leo wala baadaye. Nimetia sahihi mbele ya Mzee Kisilu na Bwana Billow. Muthama aliisoma yote amesimama, akaikunja, akaniambia, "Baba, hii ungeandika nikiwa na mke." Nilimkaribisha chai. Alisema ana safari ndefu.

Mipango yako ya kiti cha mbele, redio na chapati imekubaliwa. Bwana Billow anauliza kama chapati zitamtosha naye.

Linabaki sharti la kiapo. Nimeandika kiapo hicho mara tatu na kukichana mara tatu. Nakuomba usikilize sababu.

Kwa maisha yangu yote nimetumia karatasi kuwafungia watu njia. Nilimfungia mwanangu safari, nikamfungia Nzuki heshima, nikakufungia wewe na Muthama mlango wa mochari. Unachoniomba sasa ni karatasi nyingine ya namna hiyo, na safari hii ni ya kuwafungia watoto. Najua unaniomba kwa upendo, na mimi nilifanya yangu kwa kiburi, kwa hiyo si haki kuyalinganisha. Lakini karatasi ikishaandikwa haiulizi aliyeiandika alikuwa na nia gani.

Jambo la pili. Mutindi ana miaka kumi na miwili. Watu wengi walikuwepo mochari mwaka ule, na watu wale wana watoto, na watoto hao huenda shule na huteka maji. Sisemi zaidi ya hapo na naomba usiniulize. Nasema tu kwamba usidhani unachokilinda bado kiko pale ulipokiacha.

Siamini kwamba ulizika uongo. Mama aliyezika leso na sweta ili mtoto avue gauni alizika kitu. Mimi nilikuwa na mwili mzima na sikujua la kusema juu yake. Billow na wachimbaji wawili ndio walionisaidia kufukia. Kama ingeulizwa ni kaburi lipi kati ya haya mawili lenye haki ya kufagiwa, ni lile la kwako. Nipo tayari kuwaambia watoto hivyo kwa kinywa changu, na kuwaambia ni nani aliyesababisha makaburi kuwa mawili, na wewe usiseme neno.

Lakini sitaapa. Na sitawaambia bila ruhusa yako pia. Ukikataa, nitanyamaza siku zote tatu, nitawaonyesha viboko na ndovu. Mtoto akiniuliza waziwazi nitamwambia, "Muulize Susu." Uongo sitamwambia.

Kwa hiyo sikuombi tena watoto, maana hati imekwisha kusema ni wako. Naomba uamuzi juu ya jambo moja. Siku ya Alhamisi, alasiri, tutatoka lango la Ithumba na kufika barabara kuu pale Ikutha. Gari litasimama. Kushoto ni Kibwezi na nyumbani kwako. Kulia ni Mutomo, Kitui na Zombe. Sitamwelekeza Bwana Billow. Nimemwambia asikilize kiti cha mbele peke yake.

Ukichagua kulia, nijulishe mapema ili nifyeke nyasi na niandike lile jina moja. Ukichagua kushoto, nijulishe vilevile, na hutasikia malalamiko yangu kwa mdomo wala kwa barua.

Naomba uamuzi wako kabla ya tarehe mosi Agosti.

Mbaluka Nyamai